Besi juu ya paa: tulivyotafuta vyombo vyepesi vya wanamuziki wawili

Mkahawa uliotulazimisha kubadilisha vyombo vyetu vyote uko juu ya paa la nyumba ya mawe katika Mji Mkongwe wa Unguja, na ili kuufikia ni lazima upande vidato 68, ambavyo zaidi ya nusu ni vya mbao, vyembamba na vyenye mwinuko mkali. Gari haliingii katika uchochoro ule. Linaishia Darajani, na kutoka hapo hadi mlangoni ni mwendo wa dakika kumi kwa mtu asiyebeba kitu. Mimi nilikuwa nabeba amplifaya ya besi ya kizamani, ya aina ile ambayo mtambo wa kukuza sauti na spika vimo katika boksi moja, yenye spika ya inchi 15 na uzito wa kilo 39. Usiku mmoja wa Februari 2022, nikiwa nimeshapita kidato cha hamsini, nilihisi kiuno kimekatika kama kamba. Niliiweka amplifaya pale pale ngazini, nikaketi juu yake, na wahudumu wawili wa mkahawa wakaja kunisaidia kuishusha na kunishusha mimi.

Nilikaa kitandani wiki mbili. Kwa siku hizo tulipoteza maonyesho matano, na kila onyesho wakati ule lilikuwa linatuingizia shilingi 180,000 kwa watu wawili. Ukijumlisha hospitali, dawa na mazoezi ya viungo niliyoandikiwa, nilikuwa nimeshapoteza zaidi ya milioni moja kabla sijanunua hata waya mmoja. Naandika haya kwa ajili ya mpiga besi ambaye bado hajafika kidato cha hamsini, ambaye huenda anafikiria, kama nilivyokuwa nikifikiria mimi, kwamba kubeba chombo kizito ni sehemu ya kazi na kwamba sauti nzuri ya besi haipatikani kwa njia nyingine.

Zamani tulikuwa bendi ya watu saba, na vyombo vilibebwa na vijana kwenye pikapu. Baada ya mwaka 2020, watalii walipoanza kurudi, hoteli nyingi zilitaka muziki wa watu wawili tu, kwa sababu ya gharama na kwa sababu ya nafasi. Mwenzangu anaimba na kupiga gitaa la akustiki, mimi napiga besi na kuitikia. Bendi ilipogawana mali, mimi nilibaki na amplifaya yangu na yeye akabaki na spika mbili kubwa pamoja na miksa yenye mtambo ndani yake. Tulipovipima baadaye, vyombo vyetu vyote pamoja na stendi na nyaya vilifika kilo 105. Huo ndio mzigo ambao watu wawili, mmoja wao mwenye kilo 54 za mwili wake, walikuwa wakiupandisha ghorofani mara tatu kwa wiki.

Nilipopona nilifanya haraka, na haraka ile ndiyo iliyonigharimu. Mwezi wa Aprili ulikuwa wa Ramadhani, hoteli zikasimamisha muziki kama ilivyo kawaida Unguja, nami badala ya kuutumia mwezi ule kujifunza, niliutumia kutafuta kitu chochote chepesi. Nikanunua amplifaya ndogo ya mazoezi, wati 30, spika ya inchi 8, kilo 7 tu, kwa shilingi 280,000. Nyumbani ilinifurahisha sana. Chumbani kwangu ilitoa sauti nene, safi, nikaamini nimeshamaliza tatizo.

Juu ya paa, mbele ya wageni arobaini wanaokula na kuzungumza, zile noti za chini zilipotea zote. Kilichobaki ni mlio wa vidole vinavyogusa nyuzi. Nikaongeza sauti hadi mwisho, na spika ikaanza kutatarika. Baada ya wiki tatu karatasi ya ile spika ilipasuka. Sababu yake nimekuja kuielewa baadaye, na ningependa kila mpiga besi aielewe kabla ya kwenda dukani. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne, ule wa noti ya E, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Sikio la binadamu ni zito sana kwa sauti za chini kiasi hicho, kwa hiyo ili zisikike ni lazima spika isukume hewa nyingi, na spika ndogo haiwezi kusukuma hewa nyingi isipokuwa kwa kwenda mbele na nyuma umbali mrefu kuliko iliyoumbiwa. Ikifika mwisho wa safari yake hupiga kelele, na ukiendelea kuilazimisha hupasuka. Wala kuongeza wati peke yake hakuokoi hali. Ukizidisha wati mara mbili unapata nyongeza ya desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo msikilizaji aliye mezani ataihisi kidogo. Ili aseme sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji takriban mara kumi ya nguvu uliyokuwa nayo.

Kosa la pili linaniuma zaidi kwa sababu lilichukua sekunde moja. Agosti mwaka ule nilipata habari za mtu anayeuza vitu vya ndugu yake aliyerejea kutoka Marekani, na miongoni mwa vitu hivyo kulikuwa na mtambo wa besi, kichwa peke yake bila spika, mzuri, haujachubuka popote, kwa shilingi 650,000. Nilizikopa 300,000 kati ya hizo. Nilifika nao nyumbani baada ya Magharibi, nikabadilisha plagi, nikauchomeka ukutani na kubonyeza swichi. Ulisikika mlio mfupi kama wa kiberiti, kisha harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumbani. Nilipougeuza nyuma, kando ya tundu la waya wa umeme, palikuwa pameandikwa kwa herufi ndogo nyeupe: volti 120, hezi 60. Umeme wetu ni volti 230. Maandishi yale yalikuwepo tangu nilipokuwa sebuleni kwa muuzaji nikiusifia rangi.

Fundi aliufungua, akanionyesha bodi iliyokuwa nyeusi katikati, akasema hawezi kunidanganya. Sikumwambia mwenzangu kwa siku nne, kwa aibu. Kwa hiyo nasema kwa msisitizo: kabla ya kutoa fedha, geuza chombo nyuma na usome. Mitambo mingi ya siku hizi hupokea umeme wowote kati ya volti 100 na 240 bila kuguswa. Mingine ina swichi ndogo ya kuchagua 115 au 230, ambayo huenda mwenye nacho wa kwanza aliiacha upande usiokufaa. Mingine hupokea aina moja tu. Vitu vilivyotumika kutoka Marekani na Japani huingia kwa wingi katika bandari zetu, na kwa macho huwezi kuvitofautisha na vya kwetu.

Baada ya hasara hiyo sikuwa na fedha za kununua kitu, ndipo nikafanya kosa la tatu, ambalo halikuwa la fedha bali la masikilizano. Nilichomeka besi moja kwa moja kwenye miksa ya mwenzangu, na tukaziacha zile spika zake kubwa nyumbani, tukaazima mbili nyepesi za inchi 8 zenye mtambo ndani. Mzigo ukapungua mno. Mimi nilikuwa nasikia vizuri pale nilipokaa. Yeye hakuwa anasikia vizuri, na siku ya tatu aliniambia tukiwa tunakunja nyaya: "Kaka, kila ukigusa uzi mnene mimi napotea." Nilimjibu vibaya. Nilimwambia labda hakaribii maiki. Hatukuzungumza njia nzima hadi Darajani.

Kesho yake aliweka simu yake juu ya meza ya mwisho, karibu na jiko, akarekodi nyimbo mbili, kisha akanipa nisikilize bila kusema neno. Alikuwa na haki. Kila noti ya chini ilipopigwa, sauti yake ilizama, kisha ikaibuka, kisha ikazama tena, kama mtu anayeogelea kwenye mawimbi. Spika za aina ile zina kinga ndani yake, ambayo ikiona nguvu imezidi hubana kila kitu kinachopita, na besi ndiyo inayokula nguvu nyingi kuliko vyote. Nilikuwa nimemnyang'anya sauti yake kwa siku zote zile. Nilimwomba radhi, na tangu siku hiyo hatuamui jambo lolote la sauti kwa kusikiliza tulipo sisi. Simu huwekwa mezani kwa wageni, hurekodi dakika tatu, kisha tunasikiliza pamoja. Ni kipimo kisichotugharimu chochote, na kimetuepusha na ugomvi mwingi.

Mwezi wa Januari 2023 nilimwendea mzee mmoja aliyefanya kazi ya mitambo kwa miaka mingi katika vikundi vya taarab. Nilimwendea yeye kwa sababu taarab ya Unguja ina dabli besi, lile zeze kubwa la kusimama nalo, na niliwahi kuisikia ikipigwa kwenye ukumbi bila kipaza sauti chochote, ikafika hadi kwenye viti vya nyuma pamoja na fidla, kanuni na sauti ya mwimbaji. Nilitaka kujua kwa nini mti na nyuzi nne vinafika mahali ambapo wati zangu hazifiki. Alikubali kuja mkahawani mchana, wakati hakuna wageni. Nilileta ile amplifaya yangu ya zamani, safari hii nimebebewa na hamali mwenye rukwama hadi mlangoni na vijana wawili ngazini, kwa shilingi 15,000.

Alinikalisha kwenye kiti changu cha kila siku, akaniambia nipige. Kisha akaenda kukaa kwenye kila meza, moja baada ya nyingine, bila haraka. Aliporudi alisema: "Mwanangu, wewe unajisikiliza kwa magoti." Boksi langu lilikuwa sakafuni, mita moja nyuma yangu, limeelekea magotini. Sauti za kati na za juu za besi, ambazo ndizo zinazomwezesha mtu kuitambua noti, hutoka kwenye spika kwa mstari, zikanipita chini ya masikio na kwenda kumpiga mgeni wa meza ya mbele. Mimi nikawa nasikia mvumo tu, nikaongeza sauti, na kila nilipoongeza ndivyo meza ya mbele ilivyozidi kuumia. Aliliinua boksi, akaliegemeza kidogo nyuma kwa kipande cha mbao, sauti ikaja usoni kwangu, na nikapunguza kitasa karibu nusu. Kwa kipande kile cha mbao nilipata faida kubwa kuliko kwa vyombo vyote vitatu nilivyokuwa nimevinunua au kuviazima.

Jambo la pili alilonionyesha linahusu nyumba zenyewe. Siku za mvua tunahamia chumba cha ghorofa ya chini, na humo noti ya A ilikuwa ikivuma kupita noti nyingine zote, kama vile mtu ameongeza sauti ghafla kisha akaipunguza. Nilikuwa nimeshabadilisha nyuzi mara mbili nikidhani ni kosa la gitaa. Mzee alipima upana wa chumba kwa hatua zake: mita tatu na kidogo. Vyumba vingi vya Mji Mkongwe ni vyembamba hivyo kwa sababu dari zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi pana zaidi. Kuta zake nene za mawe na chokaa hurudisha sauti karibu yote. Mawimbi ya sauti yanayolingana na upana ule, yakigonga ukuta mmoja na kurudi kutoka wa pili, huongezeka yenyewe karibu na mitetemo 55 kwa sekunde, nayo ndiyo noti ya A. Dawa ilikuwa kulitoa boksi kwenye kona, kwa maana kona huongeza sauti za chini kuliko mahali pengine popote, na kupunguza kidogo eneo lile la sauti kwenye mtambo. Kuanzia hapo nilijua mtambo nitakaonunua lazima uwe na vitasa vya kurekebisha sauti za chini na za chini-kati kwa usahihi, hata kama utakuwa na wati chache.

Sasa nieleze tulivyochagua, kwa utaratibu uleule tulioutumia. Kwanza tuliandika kwenye karatasi njia tutakazopita, kabla ya kuandika jina la chombo chochote. Vidato 68, uchochoro, boti ya kwenda Dar es Salaam mara mbili kwa mwezi, mchanga wa Paje na Nungwi, daladala wakati mwingine. Tukakubaliana kwamba hakuna kitu kimoja kitakachozidi kilo 13, na kwamba kila boksi lazima lishikike kwa mkono mmoja, ili mkono wa pili ushike ukingo wa ngazi. Sharti hili la mkono mmoja liliondoa vyombo vingi vilivyokuwa vyepesi kwa karatasi lakini vina mishikio pande mbili na hubebeka kwa kukumbatiwa tu.

Wepesi wa vyombo vya siku hizi una sababu mbili, na ni vizuri kuzijua ili usidhani umeuziwa boksi tupu. Mitambo ya zamani ilikuwa na transfoma kubwa ya chuma na shaba, na ilipoteza sehemu kubwa ya umeme kwa joto. Mitambo ya daraja D huwasha na kuzima umeme mara laki kadhaa kwa sekunde, haipotezi nguvu nyingi, na ugavi wake wa umeme hutumia transfoma ndogo sana kwa sababu inafanya kazi kwa mitetemo ya kasi. Ndiyo maana mtambo wa wati 500 unaweza kuwa na uzito wa kilo mbili, wakati Ampeg SVT, mtambo mashuhuri wa taa za kioo (vali) uliotoka mwaka 1969 ukiwa na wati 300, huhitaji watu wawili kuuinua. Sababu ya pili ni sumaku. Spika nyingi nzito zina sumaku ya kauri, na zile nyepesi zina sumaku ya neodimiamu, ambayo kipande kidogo chake kina nguvu ya kipande kikubwa cha kauri. Kitu ambacho hakijabadilika ni hewa. Boksi likiwa dogo, utachagua ama lishuke chini sana kwa sauti hafifu, ama litoe sauti kubwa bila kushuka sana. Muuzaji atakayekuahidi yote mawili katika boksi la kubebwa kwapani, mwombe alipige mbele yako.

Kariakoo tulikwenda wote wawili, na nilibeba besi yangu mwenyewe na mizani ndogo ya kuning'inizia mizigo. Mizani ile ilitusaidia kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa boksi moja lililosemwa kuwa la kilo 12 lilikuwa na kilo 16 na nusu. Katika maduka mengi tulionyeshwa maboksi yaliyoandikwa wati 1000 kwa maandishi makubwa mbele. Karibu mara zote huo ni uwezo wa kilele, wa kupasuka kwa nukta moja, na uwezo wa kuendelea kupiga ni sehemu ndogo yake. Nilijifunza kuuliza vitu viwili vingine: uwezo wa kudumu, na boksi hutoa desibeli ngapi kwa wati moja katika umbali wa mita moja. Boksi la desibeli 98 likilishwa wati 100 litalingana na boksi la desibeli 92 lililolishwa wati 400. Muuzaji mmoja alitoa karatasi ya kiwanda na kunionyesha hesabu hizo bila kinyongo, nasi tulinunua kwake.

Tulichonunua Machi 2023, kabla ya Ramadhani, ni mtambo wa daraja D wa kilo mbili kasoro, wenye wati 500 kwa omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme), kwa shilingi 1,150,000. Baada ya Idi tukanunua boksi la spika moja ya inchi 12 yenye sumaku ya neodimiamu, kilo 12 na nusu, omu 8, kwa shilingi 1,300,000. Wapo walioniuliza kwa nini nilichagua omu 8 wakati mtambo hutoa nguvu zake zote kwa omu 4. Kwa omu 8 napata karibu nusu ya wati, na kwa paa la wageni arobaini zinatosha na kubaki. Nikija kuongeza boksi la pili lililo sawa na hilo, mawili kwa pamoja yatakuwa omu 4, na mtambo utatoa nguvu zake zote bila kudhurika. Ningeanza na boksi la omu 4 na kuongeza jingine la omu 4, ningeshuka hadi omu 2, na mitambo mingi hairuhusu hilo.

Waya wa kuunganisha mtambo na boksi nao una habari yake. Wiki ya kwanza nilitumia waya wa gitaa kwa sababu tundu lilikubali, ukapata moto hadi mpira ukalainika. Waya wa gitaa ni mwembamba na umetengenezwa kwa ishara dhaifu. Waya wa spika ni mnene, nyuzi mbili za shaba, na bora ukawa na kichwa cha kufunga kwa kuzungusha. Bei yake haikuzidi shilingi 35,000.

Kwa upande wa sauti na gitaa, mwenzangu ndiye aliyechagua, na nadhani alichagua vizuri zaidi yangu. Alisikiliza spika za nguzo, zile ndefu nyembamba zenye sabufa (spika ya sauti za chini) chini yake, ambazo kampuni ya Bose ilizipa umaarufu kuanzia mwaka 2003 kwa mfumo wake wa L1. Alizipenda kwa jinsi sauti inavyosambaa sawasawa kwenye meza zote, lakini sabufa yake ilizidi kilo 13 na tulikuwa tumeshakubaliana. Akachukua spika mbili zilizotumika, za inchi 10 zenye mtambo ndani, kilo 11 kila moja, kwa shilingi 1,800,000 zote mbili, na miksa ndogo ya shilingi 350,000. Kwenye njia ya sauti yake tunakata kila kitu kilicho chini ya hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, kwa sababu huko hakuna neno la wimbo, kuna kishindo cha stendi na upepo tu. Besi hutoka kwenye boksi langu peke yake. Kazi zikagawanyika hivyo, na sauti yake haikuzama tena.

Ufukweni mambo hubadilika. Hakuna kuta za kurudisha sauti, na kila umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza takriban desibeli 6. Huko natoa waya kutoka kwenye tundu la DI la mtambo wangu, lile la kupeleka ishara ya besi moja kwa moja, hadi kwenye miksa, tunaipitisha besi kidogo sana kwenye spika za mwenzangu, zile sauti za kati tu, ili walio mbali waitambue noti, na uzito ubaki kwenye boksi langu. Kusi ikivuma huwezi kuimba bila sponji kwenye maiki. Chumvi ya bahari huingia kwenye kila tundu, kwa hiyo tukirudi tunapangusa vichwa vya nyaya kwa kitambaa kikavu kabla ya kulala, hata tukiwa tumechoka. Vilevile usifunike mtambo. Mwenzangu aliufunika kwa kanga ili upendeze katika harusi moja, feni ikakosa hewa, na mtambo ukajizima katikati ya wimbo wa bibi harusi kuingia. Ulipopoa uliwaka, lakini bibi harusi alikuwa ameshaketi.

Umeme ndio sehemu ninayoiogopa hadi leo. Tulinunua stebilaiza ya shilingi 120,000, na jenereta ikiwashwa tunasubiri dakika mbili kabla ya kuchomeka chochote. Wakongwe wa hapa hawajasahau kwamba Unguja ilikaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, na wengi wao walipiga kwa jenereta miezi yote ile. Lakini hatari kubwa kuliko kuungua kwa chombo ni maiki inayorusha shoti. Nimewaona wapigaji wakikata nondo ya ardhi kwenye plagi ili kuondoa mvumo, na jambo hilo huua. Mpiga gitaa Les Harvey alifariki jukwaani Swansea mwaka 1972 kwa kugusa maiki iliyokuwa na umeme. Mvumo ukikusumbua, tumia kitufe cha kutenganisha ardhi kwenye kisanduku cha DI, ambacho hutenganisha ardhi ya waya wa ishara tu, au chomekeni vyombo vyote kwenye ekstensheni moja. Mimi huigusa maiki kwa mgongo wa kidole, kila siku, kabla mwenzangu hajaisogeza mdomoni.

Jumla ya vyombo tulivyobaki navyo ni shilingi 4,720,000, tulizozilipa kwa muda wa miezi kumi na minne, mwezi wa Ramadhani ukiwa hauna kipato. Nilizotupa kwenye amplifaya ndogo na mtambo wa volti 120 ni 930,000, ambazo zingetosha kununua spika moja ya mwenzangu. Uzito wote sasa ni kilo 51. Mtambo unakaa kwenye mkoba wa besi, mfuko wa mbele, na una kitufe cha kunyamazisha ambacho nakitumia kila jioni adhana ya Isha inaposikika kutoka msikiti wa jirani, kwa kubonyeza tu bila mlipuko wowote kwenye spika.

Tunafika Darajani saa kumi na moja. Hamali wetu huchukua spika mbili na stendi kwenye rukwama, mwenzangu gitaa na mfuko wa nyaya, mimi besi mgongoni na boksi mkono wa kulia. Kwenye kidato cha hamsini bado napumzika kidogo, kiuno hakijarudi kuwa kilivyokuwa. Boksi la pili la omu 8 tumeshaliwekea kianzio kule Kariakoo, kwa ajili ya harusi za bustanini, na tumekubaliana kwamba ngazi zile halitazipanda.